Mama Yangu Ng'ambo ya Barabara

Nyumba ya mama yangu ilitazamana na ya mume wangu, barabara ikiwa katikati. Nikikaa kwenye baraza letu nilijua anapika nini. Nilimwona akichambua sombe, majani ya muhogo, akifukuza kuku kwenye muhogo aliouanika, akijishika kiuno kila alipoinuka. Mtoto angeweza kurusha jiwe kutoka kwetu likaanguka mlangoni mwake. Na kiangazi chote cha mwaka ule, nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, sikuweza kufika pale.

Sikuwa gerezani, wala sikufungwa kamba. Ndiyo maana kueleza jambo lenyewe kunanichukua maneno mengi.

Ile ilikuwa barabara ya Leta. Leta ndilo jina tulilowapa Wabelgiji na serikali yao yote, kuanzia Bwana Mkubwa hadi askari wa mwisho. Ilitoka Kasongo ikaenda Kabambare, na kabla haijachimbwa hakuna aliyeishi hapo. Ukoo wetu ulikaa juu, karibu na chanzo cha kijito, upande wa kuelekea nchi ya Wamaza. Ukoo wa mume wangu ulikaa bondeni. Nitawaita watu wa juu na watu wa bondeni, kwa sababu majina yenyewe bado yanachoma midomo ya watu hadi leo.

Tuligombana tangu zamani. Tuligombania samaki wa kijito, tukagombania mitego ya msituni, na kabla sijazaliwa mtu wa kwetu aliuawa na mtu wa bondeni. Lakini ugomvi wa wakati ule ulikuwa na dawa yake, nayo ni umbali. Watu wakichukiana sana, wamoja walihama wakajenga mbali. Nyasi ziliota njiani. Watoto walizaliwa wasiojua sura ya adui. Baada ya miaka mbuzi walipelekwa, msichana akaolewa, maneno yakaisha.

Leta ilituondolea ule umbali. Askari walikuja wakachoma nyumba za juu na nyumba za bondeni, wakatupanga kando ya barabara ili tuonekane, tuitunze barabara yenyewe, tulime pamba. Watu wa juu walipewa upande mmoja, watu wa bondeni upande wa pili. Machoni mwa Leta tulikuwa kijiji kimoja, na kijiji kimoja hakikosi shefu mmoja wa kukitawala.

Siku alipotafutwa huyo shefu nilikuwa mdogo, nimekaa mapajani mwa mama, na nilichosahau nimesimuliwa mara nyingi. Bwana Mkubwa alifika amebebwa na watu mabegani kwenye tipoyi, akaketi kitini, akauliza, "Shefu yenu iko nani?"

Baba yangu ndiye aliyekuwa mzee wa ardhi ile. Yeye ndiye aliyetamka siku ya kuvua samaki na siku ya kuchoma nyasi za kuwindia. Lakini watu wa juu walikuwa wamekubaliana kumficha. Walikumbuka wazee waliosimama mbele ya Wazungu wa kwanza, wakaondoka nao, wasirudi. Kwa hiyo baba alikaa nyuma ya wote, amejifunika nguo chakavu, akitazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyejibu.

Ndipo akasimama mtu wa bondeni. Alikuwa amefanya kazi Kasongo kwa mfanyabiashara, Kiswahili chake kilikuwa laini, na hakutetemeka mbele ya Mzungu. Akaeleza maji yalipo, udongo gani unafaa pamba, vijana gani wana nguvu za kubeba mizigo. Bwana Mkubwa alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. Akamvika medali shingoni.

Jioni ile watu wetu walicheka sana. "Amejifunga mwenyewe kamba ya mbuzi," walisema. Walicheka mpaka walipoelewa kwamba mwenye medali ndiye mwenye tribinali, baraza la kuamua kesi, ndiye mwenye polisi, ndiye anayesema nani aende msituni na nani abaki kijijini. Kicheko kikaisha. Na hata kudai kwamba wameibiwa hawakuweza vizuri, maana swali liliulizwa mbele yao, nao wakanyamaza.

Nilipokuwa msichana mkubwa, mdogo wake shefu akanitaka. Mama alikataa kabisa. Baba alikubali, akaniita nyuma ya nyumba. Alizoea kuniita mama, kwa sababu nilichukua jina la mama yake mzazi.

"Mama," alisema, "mutu hapigi nyumba kama mutoto wake iko ndani. Ukikaa kule, vijana wetu watafikiri mara mbili."

"Na wale wa bondeni watafikiri mara ngapi?"

Akacheka, akaniwekea mkono kichwani.

Mume wangu alikuwa mtu mpole. Alisuka vikapu, na kila asubuhi alinisimulia ndoto zake huku akiziongezea chumvi, mpaka nikamwambia hakuna mtu anayelala muda wa kutosha kuota mambo mengi hivyo. Kisha kaka yake akamfanya polisi, akampa kofia nyekundu na mkanda. Siku alipokuja nayo nyumbani aliiweka kofia juu ya mtungi kama kitu cha mgeni.

"Ungekataa," nikamwambia.

"Nikikataa ataweka mutu mwingine, na ule atapiga baba yako bila kufumba macho."

"Na weye?"

"Miye nitafumba."

Vita vya pili vya Wazungu vilipoanza huko kwao, Leta ikataka utomvu wa mpira wa msituni tena, kama wakati wa babu zetu. Kazi ya mpira ikaongezwa juu ya kazi ya pamba na ya barabara. Shefu aliwatuma watu wa juu msitu wa mbali, ambako mtu alilala nje na kurudi na homa, na watu wa bondeni akawaacha kazi za karibu. Sisemi alikuwa shetani. Ilibidi achague nani aumie, akawachagua wasio wake. Akipungukiwa mpira, Bwana Mkubwa angemvua medali mbele ya wote, na huenda angempiga pia.

Lililovunja amani kabisa ni samaki. Kiangazi, maji ya kijito yanapopungua, wanawake wa kwetu hukifunga kwa udongo na majani, wakachota maji upande mmoja na kuokota samaki kwenye matope. Mwaka ule baba alitamka siku kama kawaida. Wanawake walipofika na vikapu vyao wakakuta wake wa bondeni wameshafunga kijito, kwa ruhusa ya shefu. Matusi yakaanza, vikapu vikakanyagwa, wanaume wakaitwa. Mimi nilikuwa nyumbani na tumbo langu, nikasikia kelele, kisha nikaona watu wakipita mbio wamembeba binamu wa shefu. Bega lake lilikuwa limefunikwa majani, na damu ilitiririka kwenye kiwiko. Kaka yangu ndiye aliyemkata kwa panga.

Yule mtu hakufa. Lakini kabla jua halijafika katikati, wanaume wa juu walikuwa wameondoka wote, baba pamoja nao, wakarudi kwenye magofu ya kijiji chetu cha zamani. Walibaki wanawake, wagonjwa na watoto. Kuhama bila ruhusa lilikuwa kosa zito mbele ya Leta, na Bwana Mkubwa alitazamiwa kupita wakati wowote. Akikuta upande mzima wa barabara hauna wanaume, wa kwanza kuulizwa angekuwa shefu.

Shefu akaja kwetu. Akaketi kwenye kigoda, medali juu ya shati, akaongea nami taratibu.

"Shemeji, miye sikufungi. Hapa iko kwako. Lakini usivuke barabara mpaka baba yako na kaka yako warudi. Wakisikia uko huku, watarudi."

"Na nikivuka?"

"Nitasema umekimbia ndoa. Kesi itakuja kwangu."

Aliyenishtaki angekuwa yeye, na hakimu yeye, na shemeji yangu yeye. Nilitafuta mtu wa nne wa kumlalamikia, sikumpata. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Weye ndiye utamulinda."

Basi mume wangu akakaa barazani na fimbo juu ya magoti, akinilinda mimi. Nilipotaka kupita kwenda jikoni aliinua miguu. Kwa kuwa sikuruhusiwa kwenda kijitoni, yeye ndiye aliyechota maji, yeye ndiye aliyeleta kuni, na watu wa bondeni walimcheka, polisi mwenye mtungi kichwani. Ndoto hakunisimulia tena. Siku moja nikamuuliza, "Nikisimama sasa hivi nikavuka, utanipiga?"

"Usisimame," akasema. "Nakuomba tu, usisimame."

Sikusimama. Nilikasirika naye, nikamwonea huruma, nikakasirika tena kwa sababu ya ile huruma. Tumbo lilizidi kukua ndani ya lupango, ua lisilokua. Nilihesabu nguzo za ua, nilijua mchwa walianzia wapi kula kila moja. Malori ya pamba yalipopita, vumbi lilimficha mama kabisa, nami nilisimama nikingoja litulie nione kama bado yupo.

Mwanzoni tulipigiana kelele kwa lugha yetu. Shefu akakataza, akisema tunapeana siri za msituni. Mama akapata njia nyingine. Asubuhi moja nilimsikia akigombeza kuku wake kwa sauti kubwa: "We kuku, umekula leo? Na miguu imevimba? Ikivimba usilale chali, unanisikia?"

Nikachukua mtwangio nikaanza kutwanga, nikaugombeza mtwangio: "Usinisumbue, nimekula, miguu haijavimba, ila mgongo unaniuma!"

"Kuku mjinga," akasema mama, "mgongo hukandwa kwa maji ya moto."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ya samaki. Tuliendelea hivyo, kuku na mtwangio, na watu wa bondeni wakaanza kusema kwamba yule mwanamke wa juu amerukwa na akili, anashinda akiongea na kuku.

Uchungu ulinishika mchana, jua likiwa kali. Mama mkwe, mama yake shefu na mume wangu, ndiye aliyenishika. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno, na tangu niolewe hatukuwa tumezungumza zaidi ya chumvi na moto. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Niliona usoni mwake kwamba anaogopa. Akatoka nje bila kunawa mikono, akasimama katikati ya barabara, akaita.

"Mukwe wangu! Vuka! Mutoto wako anakufa!"

Shefu alitoka kwake mbio. Nilisikia yote kutoka mkekani. "Mama, akivuka harudi. Nitamubakiza huku na mutoto wake."

"Umusikie mwenyewe," mama mkwe akamwambia mama yangu. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia," alisema mama, na sauti yake tayari ilikuwa karibu.

Wanawake hao wawili walinifanyia kazi mpaka kivuli cha nyumba kilipofika uani. Mmoja alinishika kwa nyuma, mwingine alimgeuza mtoto, na waliongea kwa lugha mbili wakielewana. Mwanangu alizaliwa akiwa na rangi ya majivu, akachelewa kulia, kisha akalia. Mama mkwe akaketi chini, akafuta jasho kwa kiwiko. Nje, barazani, mume wangu alikuwa akilia naye.

Shefu alitimiza neno lake. Mama hakuruhusiwa kurudi. Kuanzia siku ile tulikuwa watatu wa kulindwa ndani ya lupango, na kuku wa mama wakachukuliwa na mwewe mmoja mmoja huku akiwatazama.

Haikupita muda baba akatoka msituni. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba shefu alituma mtu kule magofuni aseme ni mimi niliyewaita, kwamba nalia nikiomba waje kumwona mtoto. Mimi sikumtuma mtu. Baba alikuja asubuhi, akitembea katikati ya barabara, kaka yangu na wanaume wengine nyuma yake. Hakwenda kwa shefu kwanza. Aliingia kwetu, akampokea mtoto mikononi.

"Huyu iko wa nani?" aliuliza kwa utani.

"Wetu," akasema mama mkwe.

"Wetu," akasema mama wakati uleule.

Wakatazamana wakacheka, na baba akacheka nao. Alimrudishia mama mkwe mtoto, ndipo akaenda kwa shefu.

Nadhani shefu alikusudia kumaliza jambo kimya. Alipokea mbuzi wa fidia, akamwambia kila mtu arudi kwenye shamba lake la pamba. Lakini Bwana Mkubwa alipofika, safari hii kwa gari, ndugu wa yule aliyekatwa bega walisimama mbele yake na kusema yote. Barua haikuhitajika, wala shahidi. Kovu lilikuwa bado bichi.

Tulikusanyika wote, nami nikiwa na mtoto mgongoni. Bwana Mkubwa akauliza kupitia mkalimani nani aliwaondoa watu kijijini. Watu wa juu wakatazama chini, kama walivyotazama zamani. Baba akasimama.

"Miye ndiye. Miye iko muzee wa inchi hii tangu barabara haijakuwa."

Mkalimani akatafsiri. Bwana Mkubwa akamtazama shefu, akamtazama baba, akasema kitu kwa mshangao.

"Anauliza," alisema mkalimani, "kwa nini hamukusema siku ile?"

"Tuliogopa," alisema baba.

Nilitarajia kitu kitokee hapo. Nilidhani neno la kweli likishasemwa mahali pale, mbele ya wote, litakuwa na uzito wake. Bwana Mkubwa alifikiri kidogo, tena hakuonekana mkatili, alionekana mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kabla ya joto. Akasema kijiji kimoja hakiwezi kuwa na mashefu wawili, kwamba hilo ndilo linaloleta damu. Mmoja ataondoka. Kaka yangu atapelekwa gereza la Kasongo. Baba atapelekwa mbali, upande wa Katanga, akae huko mpaka Leta iseme arudi.

Shefu akawaambia polisi wake wawafunge. Mume wangu ndiye aliyekuwa na kamba.

Alimkaribia baba, akazungusha kamba ikateleza, akaiokota, ikateleza tena. Askari wa Bwana Mkubwa akaanza kumsogelea na kiboko. Baba akamsogezea mikono.

"Funga vizuri, mukwe," alimwambia kwa sauti ndogo. "Ukifunga legevu watapiga weye."

Mume wangu akafunga vizuri. Hakufumba macho. Niliona alikuwa ameyakodoa kabisa, kama mtu anayeshona nguo gizani.

Siku hiyohiyo niliambiwa naweza kuvuka. Nilivuka na mama, tukafagia nyumba yake, tukawasha moto. Wanawake wa kwetu walipita nje wasitusalimu. Mmoja alisimama mlangoni akasema, "Uliwaita na machozi yako, sasa lia." Nikamwambia sikuwaita. Akasema sauti yangu ilisikika mpaka msituni. Ile amri iliyonizuia ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimebanwa zaidi kuliko siku zote. Ng'ambo ile nilikuwa mtu wa juu, ng'ambo hii nilikuwa chambo cha watu wa bondeni. Nilizoea kumnyonyesha mtoto nikiwa jikoni kwa mama, mgongo kwa mlango, nisione nani anapita.

Na mume wangu? Hatukuachana. Watu waliniuliza kwa nini, pande zote mbili. Alikaa miezi mingi bila kugusa ugali mbele yangu, akila baada yangu kama mgeni mwenye haya. Siku moja alijipiga shoka mguuni akikata kuni, akatembea akichechemea, shefu akamvua kofia kwa kuwa polisi hachechemei. Mama yake aliniambia pembeni kwamba tangu utoto mwanawe hakuwahi kukosea shoka. Sikumuuliza mwenyewe.

Kaka yangu alitoka gerezani amekuwa mtu wa kukohoa. Baba alirudi vita vilipokuwa vimekwisha, amekonda, jicho moja limeingia ukungu, ila Kiswahili chake kimekuwa kizuri sana. Alikula kwetu. Akatusimulia kwamba kule alikopelekwa walijaa wazee wa namna yake, kutoka kila nchi, kila mmoja mwenye ardhi yake nyuma. Walipewa kijiji kimoja. Wakagombana nani awe mkubwa wao, mpaka Mzungu wa kule akaja, akauliza, akampa ukubwa aliyejibu haraka.

"Na weye, baba?" mume wangu akamuuliza.

"Nilikuwa nakula," alisema baba. "Nilikuwa na njaa sana siku ile."

Mume wangu ndiye aliyemzika baba, kwa maana ya kushika jembe na kuingia kaburini kupanga udongo. Watu wa juu walimruhusu. Hawakumshukuru, lakini hawakumtoa.

Miaka ya mwisho ya Wazungu, mwanangu alikuwa kijana wa kunyoa ndevu. Yakaja maneno ya kupiga kura, kwamba sasa nchi itakuwa yetu na kila mtu atachagua. Watu wa juu wakaingia chama kimoja, watu wa bondeni wakaingia kingine kabla hata ya kusikia vyama hivyo vinasema nini. Wakaja kwangu jioni moja, wazee wa pande zote, wakakutana mlangoni kwangu bila kupanga. Kila upande ulitaka mwanangu asimame nao, maana alisoma kwa Mapadri na alijua Kifaransa.

"Iko damu yetu," walisema wa juu.

"Iko mutoto wa baba yake," walisema wa bondeni.

Yeye alisimama kati yao akifuta mikono kwenye suruali. Aliwaahidi kufikiri. Walipoondoka akaniambia, "Mama, mimi sitafikiri. Kuna kazi kwenye migodi ya dhahabu, kule Salamabila. Rafiki yangu anaondoka kesho."

Nilitaka kumwambia abaki, nikamtazama mume wangu, naye alikuwa anatafuta kikapu chenye mkanda imara. Nikafunga muhogo, karanga na samaki wakavu. Asubuhi tulimsindikiza mpaka anaposubiriwa lori. Dereva alikuwa na haraka, akampandisha juu ya magunia, na mwanangu akapiga kelele kitu ambacho injini ilikimeza. Tulirudi taratibu kwa ajili ya mguu wa baba yake, tukapitia shambani, tukapalilia mpunga mpaka jua likazidi.